Chuma Pale Kinapohitajika

Mau Narok kutu haipigi hodi. Tuko juu ya mgongo wa Mau, nchini Kenya, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ambako ukungu huteremka jioni na kulala mashambani mpaka jua lipate nguvu. Ngano, shayiri, viazi na karoti hustawi hapa kwa sababu ya unyevu uleule unaokula chuma. Panga likisahaulika nje usiku mmoja, asubuhi limeshaanza kugeuka rangi. Waya wa ua, boliti za trekta, bati la ghala, vyote vimo katika vita hiyo, na mkulima huishinda kwa grisi na rangi au haishindi.

Wapo huku watu wachache wenye leseni ya bastola: wakulima wakubwa wa ngano, wafanyabiashara wanaosafiri na pesa za viazi kuteremka Njoro na Nakuru, wastaafu wa vikosi. Kwao kutu ni jambo la mwilini. Bastola huvaliwa kiunoni chini ya sweta na koti la mvua, ikinyeshewa kwa nje na kulowa jasho kwa ndani, na jasho lina chumvi. Ukiwasikiliza watu hao wakizungumzia silaha, mara nyingi utawasikia wakiisifia ile ambayo mwili wake wa chini si chuma. Wanaiita ya plastiki. Naiona kuwa mojawapo ya kazi safi za ufundi za karne ya 20, nami nataka kuisifu kama inavyosifiwa kazi ya seremala au ya mhunzi.

Tuanze na mwili wenyewe. Bastola ya kisasa ina sehemu mbili kubwa. Juu kuna mtutu, na juu ya mtutu kuna slaidi, kile kipande kinachorudi nyuma risasi inapotoka. Chini kuna fremu: mpini unaoshikwa, nafasi ya kasha la risasi, na triga. Moto wote uko juu. Risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, huzaa ndani ya mtutu shinikizo la zaidi ya bar 2,000, yapata mara elfu ya upepo wa tairi la gari dogo, kwa muda usiofika hata kupepesa jicho. Hapo hapana mjadala: panataka chuma kizuri. Lakini fremu haiuoni moto huo. Kazi yake ni kushika, kuelekeza na kubeba. Kwa miaka mingi ilichongwa kutoka pande la chuma, baadaye wengine wakatumia aluminiamu, kwa sababu mafundi walikuwa na mashine za kuchonga chuma na mikono iliyozoea kuchonga chuma.

Kenya ilikuwa na watu waliofundishwa na shida kwamba si kila sehemu ya silaha huhitaji chuma. Wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya baada ya 1952 waliunda bunduki zao wenyewe kwa mbao na mabomba ya maji. Mwili ulikuwa mti, na chuma kidogo walichopata kiliwekwa pale penye moto. Nyingi zilikuwa hatari kwa aliyezishika kuliko kwa aliyelengwa, na sizitaji ili mtu aziige. Nazitaja kwa sababu mikono ile, bila karakana, ilikwishaona mahali chuma kinapohitajika na mahali kisipohitajika. Wakati huohuo bastola ya chuma ya kiwandani ilikuwa kitu cha kunyongewa: Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alishtakiwa kwa kumiliki bastola aina ya Webley Scott na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Anayezungumzia wepesi wa bastola katika nchi hii hana budi kuukumbuka uzito huo.

Waliotangulia kutengeneza fremu ya plastiki kiwandani ni Wajerumani wa Heckler & Koch, mwaka 1970, kwa bastola waliyoiita VP70. Wazo lilikuwa sahihi, lakini triga yake ilikuwa nzito kuvuta na wanunuzi hawakuipenda. Kuwa wa kwanza hakukutosha.

Aliyefanikiwa hakuwa mtu wa bunduki kabisa. Gaston Glock, aliyezaliwa 1929, alikuwa na kiwanda kidogo Deutsch-Wagram, karibu na Vienna, Austria. Alitengeneza vifaa vya nyumbani kama fimbo za pazia, kisha akapata kazi ya kuliuzia jeshi la Austria visu vya askari vyenye mpini na ala za plastiki. Jeshi lilipotangaza kutafuta bastola mpya badala ya Walther P38 ya zama za vita, Glock alikuwa na miaka 50 na zaidi, na hakuwa amewahi kuunda bastola hata moja. Alichofanya ndicho ninachokistahi kuliko vyote: aliwaita watu waliotumia silaha kwa kazi, akawauliza wanataka nini, akasikiliza. Akanunua bastola za wengine, akazifungua, akazisoma. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akijaribu za kwake alifyatua kwa mkono wa kushoto, ili ikipasuka abaki na wa kulia wa kuchorea. Mwaka 1982 Austria ikaichagua yake. Akaiita Glock 17, kwa kuwa ilikuwa hataza yake ya 17. Kwa bahati kasha lake nalo lilibeba risasi 17. Alifariki Desemba 2023.

Bastola ile ilikuwa na vipande 34 hivi, vichache kuliko vya wapinzani wake. Kila kipande kinachoondolewa bila kazi kuharibika ni kipande ambacho hakitavunjika, hakitapotea nyasini wakati wa kusafisha, hakitaota kutu. Kupunguza namna hiyo ni kugumu. Fundi mchanga huongeza. Aliyekomaa hutafuta cha kutoa.

Mzee mmoja mwenye shamba la ngano upande wetu aliwahi kuniambia waziwazi, “Kijana wangu, mimi nimeona viti vya plastiki vikivunjika chini ya wageni kwenye mazishi. Silaha ya namna hiyo nitaiaminije?” Swali lake linastahili jibu la heshima. Jina plastiki limefunika vitu vingi vilivyo mbali kabisa. Kiti kile ni cha plastiki ya bei nafuu, chembamba, kilichoachwa juani mpaka kikapauka na kukauka. Fremu ya bastola ni jamii ya nailoni, kitu alichokibuni Wallace Carothers katika maabara ya kampuni ya DuPont mwaka 1935. Viwanda vingi huichanganya na nyuzi za kioo zinazoishika kama nondo zinavyoishika zege. Hutiwa pia masizi ya kaboni, ambayo huzuia miale ya jua isiile. Ni sababu mojawapo ya weusi ule tunaouona. Na mahali slaidi inapopita ikirudi nyuma na mbele, fundi amepachika vipande vya chuma ndani ya nailoni, ili chuma kisuguane na chuma. Hapo ndipo akili ya kazi hii ilipo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mau atalifurahia. Nailoni hunywa unyevu wa hewa, kidogo tu, na ikishaunywa huongeza uwezo wa kuvumilia kishindo bila kupasuka. Ukungu unaokidhoofisha chuma ndio huohuo unaoisaidia fremu. Sijui kama Waaustria waliwahi kufikiria miinuko yetu, lakini kazi yao imefika nyumbani hapa kuliko wanavyodhani.

Namna ya kuitengeneza nayo inataka kutazamwa kwa utulivu. Plastiki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, hupoa, kisha fremu hutoka ikiwa na kila tundu na kila mkunjo mahali pake. Mtu anaweza kudhani kwamba hapo hapana ufundi, mashine imefanya yote. Ukweli ni kwamba ufundi umehamia kwa mchonga kalibu. Nailoni ikipoa husinyaa, kwa hiyo yeye huchonga nafasi kubwa kidogo kuliko kitu anachokitaka, tena si kwa kipimo kimoja pande zote, kwa sababu nyuzi za kioo huzuia kusinyaa kule zilikolalia. Lazima ajue plastiki itaingilia wapi, itapita wapi kwanza, nyuzi zitalala vipi kwenye kona ya mpini. Akikosea kalibu, kosa lake litazaliwa upya katika kila fremu. Akipatia, mkono wake umeingia katika maelfu ya vitu ambavyo hatavigusa kamwe. Ndiyo maana pia bei ilishuka: pande la chuma huchongwa moja moja kwa saa nyingi za mashine, lakini kalibu ikishakuwa tayari hutoa fremu nyingi kwa muda mfupi.

Halafu kuna mkono wa mwenye kuivaa. Glock 17 bila kasha ina gramu 630 hivi. Bastola za chuma kitupu za ukubwa huo hufika kilo moja au kupita. Tofauti hiyo mezani haionekani kubwa, lakini mtu anayeibeba kiunoni kutwa nzima, akipanda na kushuka trekta, akiendesha gari kwenye barabara ya matope, huihisi mgongoni kabla ya jua kutua. Na asubuhi ya jalidi, chuma hunyonya joto la vidole upesi. Nailoni hupitisha joto kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa mia ya lile linalopitishwa na chuma cha kawaida. Mkono uliokufa ganzi haufai kushika silaha.

Wepesi una gharama yake, na mwenye kuupenda asiifiche. Bastola nyepesi hurudi kwa nguvu zaidi mkononi. Waundaji waliikabili hali hiyo kwa njia mbili: fremu hupinda kidogo sana na kumeza sehemu ya kishindo, na mtutu umewekwa chini, karibu na kiganja, ili mdomo wa bastola usiruke juu sana.

Wenye kupenda chuma wana hoja nao. Katika habari za Kenya bastola mbili hutajwa mara nyingi, Glock na Ceska, na Ceska ya kale, CZ 75 ya ndugu Josef na František Koucký, ni chuma kitupu kilichochongwa kwa heshima kubwa. Ina utulivu mkononi ambao nyepesi haziufikii. Lakini Wacheki wenyewe hawakukaa hapo: walitoa P-07 yenye fremu ya plastiki mwaka 2009, na P-10 C mwaka 2017. Mwaka huohuo wa 2017 jeshi la Marekani liliamua kuiacha Beretta yenye fremu ya aluminiamu, iliyokuwa imechaguliwa 1985, likachukua SIG Sauer P320 ambayo mpini wake wa plastiki hubadilishwa kulingana na ukubwa wa kiganja. Uingereza ilikuwa imeshaiacha Browning yake ya chuma kwa Glock mwaka 2013. Hofu ya miaka ya 1980, kwamba bastola ya plastiki ingepita viwanja vya ndege bila kuonekana, haikuwa na msingi: mtutu na slaidi ni chuma, na mashine huviona.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni triga. Glock haina kile kitufe cha pembeni cha kufunga usalama ambacho wazee walizoea kukitafuta kwa kidole gumba. Usalama wake uko kwenye triga yenyewe na ndani ya mwili, hatua tatu zinazofunguka zenyewe triga inapovutwa. Ikianguka chini haifyatuki ovyo, na huo ni ustadi wa hali ya juu. Lakini kitu chochote kikiivuta triga, kidole, kamba ya koti, mkono wa mtoto, italia. Fundi amempa mwenye silaha chombo kisichomchelewesha, na kwa kufanya hivyo amemkabidhi dhamana yote. Ala nzuri, ngumu, inayofunika triga yote, ni sehemu ya bastola hiyo kama ulivyo mtutu. Anayeinunua silaha na kuibania kwenye mkanda bila ala hajaielewa kazi aliyoinunua.

Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inaiona leseni kuwa ruhusa inayoweza kufutwa. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya. Huku kwetu, ambako majirani wamewahi kufukuzana kwa mishale na moto, na ambako makovu ya mapigano ya 1992 na 2008 bado yanaonekana katika viunga vya mashamba, naona ukali huo ni wa haki.

Kwa hiyo, ndugu mwenye leseni, usidanganywe na mpini usioota kutu. Slaidi, mtutu na springi bado ni chuma, na Mau haijabadilika. Ukitoka mvuani, toa kasha, toa na risasi iliyo chembani, hakikisha mara mbili, kisha kausha na upake mafuta. Baadaye ifungie ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ukae nawe.