Sauti ya Binti Mfalme katika Filamu za Katuni

Ngano za Ulaya zilizogeuzwa filamu za katuni na kampuni ya Walt Disney ya Marekani zimetazamwa na watoto wa nchi nyingi, wa kwetu wakiwamo. Wahakiki wamekwisha kueleza mara nyingi kwamba mwanamke mwema katika filamu hizo ni mzuri wa sura, mpole, hodari wa kufagia na kupika, na humngoja mwana wa mfalme aje amwokoe. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaishia kwenye mwenendo na sura. Sisi twapenda kuuliza jambo jingine: katika filamu hizi ni nani anayesema, na neno lake lina nguvu gani?

Filamu ndefu ya kwanza ya kampuni hiyo, Snow White and the Seven Dwarfs, ilitoka mwaka 1937. Katika toleo la mwisho la ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani, la mwaka 1857, binti hafufuliwi kwa busu. Watumishi waliobeba jeneza lake wanajikwaa, kipande cha tunda lenye sumu kinamtoka kooni, naye anaamka. Filamu imeiondoa ajali hiyo, na mahali pake ikamweka mwanamume. Katika Sleeping Beauty ya mwaka 1959, Aurora akishachomwa kidole hatamki tena neno hadi mwisho wa filamu, hata anapoamka. Ajabu ni kwamba wanaisimu Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walipohesabu maneno ya filamu hizi mwaka 2016, waliona kuwa asilimia 71 ya maneno ya filamu hiyo husemwa na wanawake. Wasemaji wenyewe ni akina nani? Aghalabu ni vizee watatu wenye uganga na adui yao mchawi. Mwanamke mwenye maneno ama amekwisha kuzeeka ama ni mwovu.

Filamu inayostahili kuchunguzwa zaidi ni The Little Mermaid ya mwaka 1989. Hans Christian Andersen wa Denmark, katika hadithi yake ya mwaka 1837, alimfanya binti nguva atamani roho isiyokufa pamoja na mapenzi ya mwana wa mfalme, mapenzi anayakosa. Katika filamu, Ariel anamwuzia Ursula, mchawi mwenye mikono ya pweza, sauti yake ili apate miguu. Ursula anamshawishi kwamba wanaume wa nchi kavu hawawapendi wanawake wasemao sana. Mtetezi wa filamu atasema kwamba maneno hayo yametiwa kinywani mwa mwovu, na kwamba Eric anamtafuta yule aliyemsikia akiimba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hebu tutazame sauti inaporudi inafanya nini. Eric ndiye anayemwua Ursula kwa kumchoma na mti wa merikebu. Baba yake Ariel ndiye anayempa miguu ya kudumu. Sauti imerudi, ila hakuna neno lake linaloamua jambo lolote. Tena asilimia 68 ya maneno ya filamu hiyo ni ya wanaume, kwa kuwa hata kaa, samaki na shakwe waandamani wa Ariel wamefanywa madume, pasipo hadithi kulazimisha hivyo. Mwanafunzi na ajaribu kuwabadilisha jinsia aone kama kisa kitaharibika.

Yafaa pia tukumbuke mikono iliyochora. Barua ya kampuni hiyo ya mwaka 1938, ikimjibu mwanamke aliyeomba nafasi, ilisema kwamba kazi ya ubunifu hufanywa na vijana wa kiume tu. Wanawake wakati huo walinakili michoro kwa wino juu ya seluloidi na kuijaza rangi. Wapo waliopenya, kama Mary Blair, ambaye mchango wake waonekana katika rangi za Cinderella ya 1950.

Mwaka 2013 ilitoka Frozen, iliyoongozwa na Jennifer Lee pamoja na Chris Buck. Humo busu la mwana wa mfalme ni hila, na barafu inayeyushwa na mapenzi ya ndugu wawili wa kike. Hayo ni mageuzi makubwa ya kisa. Hata hivyo, asilimia 59 ya maneno bado ni ya wanaume, na sehemu yake inasemwa na sanamu ya theluji.