The Last King of Scotland: Je, Filamu Hii Inastahili Sifa Zake?

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapoulizwa ni filamu gani kuhusu Uganda wamewahi kuitazama, wachache hutaja Queen of Katwe ya mwaka 2016, na waliobaki hutaja "ile ya Forest Whitaker". Wanakusudia The Last King of Scotland. Si filamu nyingi zinazoitwa kwa jina la mwigizaji, na kwa maoni yangu wanafunzi hao, bila kujua, huwa wamekwisha kuifanyia uhakiki.

Filamu ilitoka mwaka 2006. Mwongozaji wake ni Kevin Macdonald, na hadithi yake imetokana na riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998. Mwaka 2007 Whitaker alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, pamoja na Golden Globe na BAFTA. Sehemu kubwa ya picha zake ilipigwa hapa hapa Uganda, na ilipoonyeshwa rasmi Kampala mwezi Februari 2007, Whitaker mwenyewe akiwapo, wengi walikwenda kuitazama kwa hamu ya kuiona miji yao kwenye skrini kubwa. Tangu hapo imesifiwa mfululizo, na walimu kadhaa huitumia darasani kana kwamba ni kitabu cha historia. Makala hii inauliza kama sifa hizo zimekaa mahali pake.

Tuanze na anayestahili. Kwa ajili ya kazi hii Whitaker alijifunza Kiswahili, akajifunza kupiga kodiani, akazungumza na watu waliomjua Amin. Juhudi hizo zinaonekana. Amin wake anacheka kwa mwili mzima, kisha kicheko kinakatika na hujui kilichokikata ni nini. Tazama tukio la usiku ambapo anaamini ametiliwa sumu, kumbe tumbo limejaa gesi: kwa dakika chache yule jitu ni mtoto mwenye hofu, na dakika chache baadaye ni mtu ambaye wewe ndiwe unayepaswa kumhofu. Tazama pia pale daktari wake anapomkumbusha kwamba alimshauri asiwafukuze Waasia. Amin anakubali kwamba aliambiwa, lakini analalamika kwamba hakushawishiwa. Mantiki hiyo ya mtawala asiyekosea kamwe, ambaye kosa lake daima ni la mshauri, imeigizwa kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Joseph Olita wa Kenya, aliyeigiza Amin katika filamu ya mwaka 1981 na tena katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, alifanana na Amin kwa sura kuliko Whitaker. Whitaker amefanana naye kwa namna ya kufikiri. Anayetaka kulipima hilo aitazame filamu ya hali halisi aliyoitengeneza Barbet Schroeder mwaka 1974, ambamo Amin anajiigiza mwenyewe.

Lakini mwigizaji mmoja si filamu nzima.

Tunapofundisha uhakiki tunawaambia wanafunzi waulize kwanza: nani anasimulia, na tunasimama wapi kuyaona haya yote? Hapa tunasimama nyuma ya bega la Nicholas Garrigan, kijana daktari kutoka Uskoti, aliyeigizwa na James McAvoy. Garrigan hakuwahi kuwapo. Ni mhusika wa kubuni. Anakuja Uganda kwa sababu ya kuchoka na nyumbani kwao, anakutana na Amin kwa bahati, anapewa gari, nyumba na cheo cha daktari wa rais. Karibu kila tukio lipo kwa sababu yeye yupo. Asipokuwapo, Uganda haipo. Watu wanapotea, na tunajua wamepotea kwa sababu Garrigan ameonyeshwa picha zao. Mji unateseka, lakini sisi tunasubiri kuona kama Garrigan atapata pasipoti yake.

Kubuni mhusika si dhambi. Riwaya zetu wenyewe hufanya hivyo. Tatizo ni kile ambacho mhusika huyo wa kubuni anawanyang'anya watu waliokuwapo kweli. Mfano mzito zaidi ni wa Kay. Kay Adroa alikuwa binti wa mchungaji na mmoja wa wake za Amin. Alipewa talaka mwaka 1974, na mwezi Agosti mwaka huo huo maiti yake ikapatikana ikiwa imekatwa viungo. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri katika serikali ya Amin kabla ya kukimbia nchi, alikieleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1977. Mpenzi aliyetajwa katika kisa cha kweli alikuwa daktari Mwafrika, naye pia alikufa. Katika filamu nafasi yake amepewa Garrigan. Kifo cha mwanamke wa Kiganda cha Arua na Kampala, yaani cha mtu mwenye wazazi, watoto na kaburi, kimegeuzwa kuwa somo la kumzindua kijana wa kizungu. Kerry Washington anajitahidi kumpa Kay heshima, lakini hadithi haimruhusu kuwa na maisha nje ya chumba alichomo Garrigan.

Linalonishangaza ni kwamba filamu yenyewe inaujua udhaifu huu. Karibu na mwisho, kule Entebbe mwaka 1976, Dakta Junju, Mwafrika, anamsaidia Garrigan kutoroka pamoja na mateka wanaoachiliwa. Garrigan anamuuliza kwa nini. Junju anajibu kwamba akafike kwao aueleze ulimwengu ukweli kuhusu Amin, kwa kuwa yeye ni mzungu na watamwamini. Kisha Junju anapigwa risasi, na ndege inaruka. David Oyelowo anayasema maneno hayo kwa uchovu mkubwa, na kwa nukta chache tunapata filamu nyingine, ile ambayo ingetengenezwa kama kamera ingebaki chini na Junju. Inaondoka na Garrigan. Maandishi ya mwisho yanatuambia kwamba utawala ule uliua watu zaidi ya 300,000. Tumekaa saa mbili na karibu wote hao hatukuwajua hata kwa majina.

Majina yalikuwapo. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alikamatwa Septemba 1972 na hakuonekana tena. Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alipotea mwaka huo huo. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, na mwaka huo pia akauawa Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia, baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la FESTAC huko Lagos. Hakuna aliyehitaji kubuni kulabu za kumtundika Garrigan kwa ngozi ya kifua ili watazamaji waogope. Watu wa wakati ule wanakumbuka jambo lililokuwa na kelele kidogo zaidi: mtu kutiwa kwenye buti ya gari mchana, mbele ya wenzake, na wenzake kutazama pembeni.

Sasa tuingie katika suala letu wenyewe, la lugha, maana hapa ndipo sifa za filamu zinaponitatiza zaidi. Imesifiwa sana kwamba Whitaker alijifunza Kiswahili. Ni kweli, na matamshi yake hayaudhi sikio. Lakini alikitumia wapi? Katika filamu Kiswahili kinasikika vipande vipande: amri kwa askari, salamu, makelele. Panapokuwa na jambo zito, Amin anasema Kiingereza. Mwanzoni, anapowahutubia wanavijiji na kuwaambia kwamba ingawa amevaa sare za jenerali yeye ni mtu wa kawaida kama wao, anasema Kiingereza, na umati unalipuka kwa shangwe. Ni tukio zuri sana kwa macho. Kwa masikio haliaminiki. Wakulima wa kijijini, mwaka 1971, washangilie kila sentensi ya Kiingereza bila mkalimani?

Amin aliingia Keya mwaka 1946. Katika jeshi lile Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ya mafunzo na ya kambi, na ndicho kilichomlea. Mwaka 1959 akapewa cheo cha effendi, kikubwa kuliko vyote alivyoweza kupata Mwafrika katika Keya wakati huo (ndilo neno letu "afande", kwa sura nyingine). Kiingereza chake kilichekwa na magazeti ya Ulaya, na filamu imekirithi kicheko hicho bila kujiuliza kama mtu yule alikuwa akichekesha pia katika lugha alizozimudu. Waliomsikia akizungumza Kiswahili na askari wake hawakumwona mchekeshaji. Tena mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, baada ya kura iliyopigwa kwa wilaya, 12 zikikitaka Kiswahili na 8 Luganda. Kwa filamu inayodai kumweleza mtu huyu, kukiacha Kiswahili chake pembeni ni kumwacha nusu.

Na si yeye peke yake. Mwananchi wa kawaida aliijua serikali ile kwa Kiswahili. Ndicho alichoulizwa nacho kizuizini barabarani, ndicho alichoamrishwa nacho kulala chini. Ndiyo sababu hadi leo mwanafunzi wetu akirudi nyumbani na kusema anasoma Kiswahili, bibi yake anaweza kunyamaza kidogo kabla ya kumpongeza. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Karatasi hizo ni muhimu, lakini kule kunyamaza kwa bibi hakufutwi na karatasi, na filamu yenye watazamaji wengi kiasi hiki ingeweza kutusaidia kukieleza. Haikutaka.

Kuna hata maneno ambayo yangetosha kuwa filamu nzima. Baada ya Waasia kupewa siku 90 za kuondoka mwaka 1972, maduka yao yaligawiwa, na waliotajirika ghafla wakaitwa mafutamingi. Mwalimu wa sarufi atakuwa amekwisha kushika kalamu nyekundu, kwamba ilipasa kuwa mafuta mengi. Aiweke chini. Kosa hilo la upatanisho wa kisarufi ndiyo historia yenyewe: ni Kiswahili cha kambini kilichoingia dukani na kuketi nyuma ya kaunta. Likafuata neno magendo, ambalo nchini hapa lilikuja kuwa jina la uchumi mzima. Katika filamu kufukuzwa kwa Waasia kunapita kama habari ya redio, na wenye duka wapya hatuwaoni kabisa.

Nimewahi kujibiwa kwamba filamu ya Uingereza haina budi kusema Kiingereza, kwani watazamaji wake hawapendi kusoma maandishi chini ya picha. Hoja hiyo ina uzito wa kibiashara, lakini mwaka huo huo wa 2006 Mel Gibson alitoa Apocalypto yote kwa Kimaya, na Clint Eastwood akatoa Letters from Iwo Jima karibu yote kwa Kijapani. Watu walinunua tiketi. Macdonald alikuwa na mwigizaji aliyekuwa tayari amejifunza lugha, na nchi iliyojaa waigizaji wanaoijua, akiwamo Abby Mukiibi anayemwigiza Masanga kwa utulivu wa kutisha na maneno machache mno.

Filamu inaishia mwaka 1976, na hilo nalo lina gharama yake. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, wanajeshi walioingia kutoka Tanzania nao walisema Kiswahili, na Waganda waliwaita bakombozi, neno lililotoka katika lugha ile ile ya vizuizini. Watu waliosikia Kiswahili kikiwaamrisha walale chini sasa wakakisikia kikiwaambia wainuke. Mtazamaji wa filamu hii hapati kulijua hilo, kwa kuwa Garrigan alikwisha kuruka na ndege yake.

Kwa hiyo naipa filamu haki yake kwa Whitaker, kwa mandhari, na kwa dakika mbili za Oyelowo. Sifa nyingine, hasa ile ya kwamba inamfundisha mtu Uganda ya Amin, haistahili. Walimu wenzangu wanaoitumia darasani wasiache kuitumia, ila waichukulie kama hadithi ya Mskoti mmoja.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la kuiandika upya hotuba ile ya kijijini kwa Kiswahili. Wengi walimwandikia Amin Kiswahili sanifu, chenye ngeli zilizonyooka, na kikasikika kama hotuba ya mkuu wa chuo. Mmoja, anayetoka West Nile, alimwandikia Kiswahili cha Keya, mimi iko hivi na nyinyi iko hivi, akakisoma kwa sauti. Darasa lilicheka mistari miwili ya kwanza, halafu likaacha kucheka. Mwenzangu tunayesahihisha naye anasema kazi ile imejaa makosa ya upatanisho na haiwezi kupita alama 50. Mimi nimeiandikia 78, na karatasi bado iko mezani kwetu.