Saba ya Kwenye Chupa

Katika maduka ya dawa muhimu ya huku kwetu Hasamba, maelekezo ya amoksilini ya unga ni yaleyale: “Mama, chemsha maji, yaache yapoe, jaza mpaka kwenye alama, tikisa. Siku ya 7 ikipita usimpe tena mtoto, hata kama imebaki nusu chupa.” Nataka kumsifu mkemia aliyeipata hiyo 7.

Nguvu ya amoksilini, kama ya penisilini zote, imo katika pete ya atomi 4 iitwayo beta-laktamu. Unga ukiwa mkavu, pete hudumu. Ukishatiwa maji, maji yaleyale huanza kuifungua, na iliyofunguka haiui tena bakteria. Rangi, harufu na utamu vyaweza kubaki vilevile. Ulimi wa mama hautamwambia lolote.

Mkemia huchota sampuli kwa siku alizopanga, huichuja, kisha huipitisha kwenye mashine ya kromatografia. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake na kuchora kilima chake kwenye skrini. Kilima cha dawa kikipungua, dawa imepungua.

Lakini kazi ninayoistahi zaidi hutangulia hiyo. Kwanza huiharibu dawa kwa makusudi: huitia asidi, huitia alkali, huichemsha, huiweka kwenye mwanga mkali. Anataka kuzijua sura za mabaki yake, yasije yakajificha chini ya kilima cha dawa nzima na kuhesabiwa kama dawa. Asipofanya hivyo mashine itampa namba ya kupendeza, nayo ni ya uongo. Ni uadilifu mkubwa huo, kukataa kuifurahia namba nzuri mpaka uhakikishe kwamba mbaya nayo ingeonekana.

Halafu kuna joto. Hasamba ni nyanda za juu, tunalala na mablanketi. Chupa hiyohiyo ikishuka Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, pete zitafunguka kwa kasi nyingine kabisa. Kwa hiyo chupa hupimwa kwenye friji na kwenye kabati la nyuzijoto 30, kila moja kwa siku zake. Ndiyo maana baadhi ya lebo huruhusu siku 14 kwa mwenye friji.

Ninachowaomba wauzaji wetu ni kuandika kwa kalamu, juu ya lebo, tarehe chupa ilipotiwa maji. Hesabu yote ya mkemia huanzia hapo.