Jina la Mtaa na Bei ya Dawa

Miongoni mwa maneno yanayomtaabisha mfasiri wa riwaya za Kiingereza, majina ya mitaa yamo mstari wa mbele. Harley Street ni mfano mwafaka. Kwa kuutazama ni mtaa wa London kama mingine: nyumba zilizoshikana, milango mipana, vibao vya shaba. Mnamo 1860 madaktari wake walikadiriwa kuwa 20 tu; kufikia 1914 walikuwa wamekaribia 200, wakivutwa na majumba ya matajiri na stesheni za reli zilizokuwa jirani. Tangu hapo, mwandishi akisema mhusika wake amekwenda Harley Street, hana haja ya kutaja daktari, maradhi wala malipo. Jina la mtaa limebeba yote, na zito kuliko yote ni bei. Hiyo ndiyo taashira iliyokomaa.

Mfasiri afanyeje? Akiliacha jina lilivyo, msomaji wa Tabora au wa Chake Chake ataona jina la njia tu. Akiandika "daktari wa gharama kubwa", ameokoa maana na kuiua tamathali. Imebaki njia ya tatu, kutafuta mtaa wa kwetu ulio sawa na ule, na hapo ndipo lugha inapotoboa siri: mtaa huo haupo. Kutokuwepo kwake kuna historia. Tanzania Bara, sheria ya 1977 ilipiga marufuku utabibu wa binafsi wa kutafuta faida, na mlango haukufunguliwa tena hadi 1991. Mtaa wa madaktari wa matajiri haukupata umri wa kugeuka msemo.

Si kwamba Kiswahili hakina taashira za tiba. Kinazo tele, ila zimeelekea kwingine. Akiambiwa mtu kuwa ni wa Mirembe, inayosemwa ni akili yake, si hospitali ya Dodoma. Ocean Road lilikuwa jina la barabara, tena la Kiingereza, lakini halisemi fedha; linasema saratani. Hospitali ile ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu. Upendeleo huo umesahauliwa, na jina limebaki na ugonjwa. Mtaa wa London hutaja mfuko wa mgonjwa; barabara ya Dar es Salaam hutaja maradhi yake.

Jina la mahali linalouza dawa lipo, lakini litafutwe magharibi. Vitazamwe vibao vya waganga vilivyopigiliwa kwenye nguzo na miti ya mijini: mganga kutoka Sumbawanga, kutoka Kigoma, kutoka Tabora. Kadiri atokako mganga kulivyo mbali na bahari, ndivyo dawa yake inavyosadikiwa na ndivyo bei inavyopanda. Imani hii ina nyayo katika njia kongwe ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Misafara ilifuatana na waganga na kinga zao, na Wanyamwezi walioibeba pembe hadi pwani walibeba pia sifa ya dawa za bara.

Njia hiyohiyo ilifundisha somo chungu zaidi. Mpagazi aliyeshikwa na ndui aliweza kuachwa njiani, na mzigo wake ukapata bega jingine. Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, aliibiwa sanduku lake la dawa mwaka 1867. Na 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wapagazi kutoka pwani. Hapo bei ya dawa haikuwa mlangoni mwa daktari. Ilikuwa umbali.

Umbali ndio unaoendelea kuhesabiwa katika Kiswahili cha tiba. "Amepelekwa India" ni kauli fupi, na kila asikiaye anajua kuwa nyuma yake kuna cheo, au shamba lililouzwa. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Loliondo, katika kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Jina Loliondo likawa taashira ya dawa rahisi. Lakini nauli ilikuwa mara nyingi ya kikombe, na wapo waliofia katika foleni. Taashira ilitaja kikombe ikaificha njia.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuwa mkali, kwani jina likificha bei, maskini ndiye anayedanganywa. Malipo yalipoingizwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, yaliitwa uchangiaji. Mchango ni neno la harusi na la msiba: mtu hutoa alichojaaliwa, na asiye nacho huleta kuni. Dirishani pa hospitali kiwango kimekwisha kupangwa. Lugha ilivalishwa kanga ya ujirani ili isionekane kuwa inadai.

Basi mfasiri asilihamishe jina la Harley Street, bali alipe sentensi ya kulibeba pale linapotajwa mara ya kwanza: "kwa mabingwa wa Harley Street, wasikolamba mkono mtupu." Methali itafanya kazi iliyofanywa na vibao vya shaba.

Na fedha za njia ya Tabora ziliacha jina jingine. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeipatia misafara bidhaa na wapagazi, alitoa mali yake ili Dar es Salaam iwe na hospitali isiyobagua rangi wala dini. Alifariki 1897. Jina lake likahamia kwenye wodi za Muhimbili, na vizazi vya wagonjwa vimesema "nimelazwa Sewa Haji" bila kumfikiria tajiri yeyote. Jina hilo halikutaja mfuko wala maradhi. Lilitaja kitanda.