Bure, huru au nafasi? Jinsi neno 'free' linavyotuponza

Wapo wanahabari na hata walimu wanaoamini kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake mmoja katika Kiswahili, na kwamba kazi ya mfasiri ni kumsaka pacha huyo kamusini na kumweka mahali pake. Imani hii ndiyo iliyotuletea tangazo la 'jisikie huru kuuliza swali' na swali la 'je, uko huru kesho?'. Katika haya yote mkosaji ni neno moja, 'free'. Ni neno fupi, mtoto wa chekechea analijua, na vijana wetu hulitia katika mazungumzo kila uchao: 'Niko free leo', 'Hiyo ni ya free', 'Ingia tu, ni free'. Nani asiyelielewa?

Hebu tulipekue. Mwingereza akisema chakula ni 'free', ana maana kwamba hakilipiwi. Akisema kiti ni 'free', hakina mtu. Alasiri yake ikiwa 'free', hana shughuli. Gazeti likiwa 'free', halipokei amri ya mkubwa yeyote. Na kinywaji kilichobandikwa neno hilo baada ya neno 'sugar' ni kinywaji kisicho na sukari. Mambo matano, neno moja. Mswahili kwa upande wake ana 'bure', 'kitupu', 'nafasi', 'huru' na 'bila', na wala hamna hata mawili kati ya haya yanayoweza kupokezana zamu.

Wanaisimu wa historia wanatuambia kwamba 'free' linatokana na mzizi wa kale uliomaanisha 'kupenda', na kwamba 'friend', yaani rafiki, ni ndugu yake wa tumbo moja. Katika boma la mkubwa wa zama hizo palikuwa na watu wa aina mbili: wapendwa, yaani watu wa ukoo, na watumwa. Aliyekuwa wa ukoo hakumilikiwa. Basi neno likahama kutoka kwenye kupendwa hadi kwenye kutomilikiwa. Maana ya kutolipa ilikuja baadaye sana, karibu na karne ya 16, kutokana na msemo uliomaanisha 'pasi na gharama'. Gharama ikadondoka katika usemi, neno likabaki peke yake na mzigo wote.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. 'Huru' tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika jamii ya pwani lilisimama kinyume cha 'mtumwa', bega kwa bega na 'muungwana'. Hili halikuwa suala la nadharia. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani mno. Kule Mombasa upo mtaa wa Frere Town, ulioanzishwa miaka ya 1870 kuwapokea walionusuriwa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Si ajabu kumsikia mtu akikuambia kwamba uliitwa hivyo kwa sababu ya 'free'. La hasha. Umepewa jina la Bartle Frere, afisa wa Uingereza. Sadfa tamu, lakini ni sadfa tu.

Sasa mtu anapokuuliza, 'Uko huru kesho?', neno lenyewe linauliza kama kesho utakuwa na bwana anayekumiliki. Mswahili huuliza: 'Una nafasi kesho?' Au 'Una wasaa?' Na wazee wa visiwani watakuuliza kama una faragha, neno ambalo katika Kiarabu linahusu utupu na kutokuwa na kazi, ingawa siku hizi tumelifungia katika mambo ya siri ya mtu. 'Nafasi' nalo lina mzizi mmoja na pumzi. Mtu mwenye nafasi ni mtu anayeweza kupumua. Tuna utajiri huu, kisha twaenda kuomba kwa jirani!

'Jisikie huru' ndilo linaloniudhi zaidi, pengine kwa sababu hulisikia kwenye mikutano ya wasomi wenzangu. Kiingereza husema hivyo kwa adabu, kumwondolea mgeni hofu. Kiswahili kina adabu yake: 'usisite kuuliza', 'karibu uulize', au kwa ufupi kabisa, 'uliza tu'. Hiyo 'tu' ndogo inafanya kazi yote ambayo Mwingereza ameipa sentensi nzima.

Kuna mahali ambapo kosa hili hugeuza maana juu chini. Katika ofisi moja ya umma niliona bango lililosema 'Eneo huru la ufisadi'. Aliyeliandika alikusudia kwamba hapo hakuna hongo. Alichokiandika ni kwamba hapo ufisadi uko huru, unatembea utakavyo. Nadhani baadhi ya wateja waliona ni bango la kweli. 'Hapa hakuna ufisadi' lingetosha.

Nisije nikaonekana nalipiga vita neno 'huru'. Zipo tafsiri zake ambazo zimekita mizizi na zinafaa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mjadala wa 'shairi huru' ulipamba moto, na neno lilifaa kwa kuwa lililobishaniwa lilikuwa ni minyororo ya vina na mizani: ifunguliwe au isifunguliwe? Wataalamu pia walifanya jambo la busara walipolitenga 'huria' na 'huru'. Soko huria ni soko ambalo kila mtu anaweza kuingia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa Kiingereza, hakitumii 'free' katika jina lake bali neno linalomaanisha 'wazi'. Hapa Kiswahili kimeona tofauti ambayo Kiingereza hakikuishughulikia. Wanamichezo nao wana lao. Mpira ambao Mwingereza anauita 'free kick' sisi tunauita mpira wa adhabu. Yeye humtazama anayepiga, sisi tumemtazama aliyekosa.

Lakini 'huru' sasa limebebeshwa kupita kiasi, maana tumelipa pia kazi ya neno jingine la Kiingereza, lile la kujitegemea. Uhuru wa 1963 ni huo. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ni hiyo. Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 81, uone balaa linalomsubiri mfasiri mvivu. Kinadai uchaguzi ambao ni 'free and fair', kisha uwe 'free' kutokana na ghasia, vitisho, ushawishi usiofaa na ufisadi, kisha uendeshwe na chombo kinachojitegemea. Akitumia pacha wake wa kamusini atapata 'uchaguzi huru na wa haki, ulio huru kutokana na ghasia, unaoendeshwa na chombo huru'. Huru mara tatu, na maana tatu! 'Uchaguzi huru na wa haki' tumeshauzoea, na sioni haja ya kuung'oa. La pili liwe 'usio na ghasia wala vitisho'. La tatu liwe 'chombo kinachojitegemea'.

Mahakamani jambo hili linagusa heshima ya mtu. Magazeti yetu hupenda kichwa cha 'Aachiliwa huru'. Aliyepewa dhamana, huru. Ambaye mashtaka dhidi yake yameondolewa na kiongozi wa mashtaka, huru. Aliyepatikana hana hatia, naye huru. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai haiwachanganyi watu hawa. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla ya mshtakiwa kuanza kujitetea, anaweza kushtakiwa tena kesho kwa mambo yale yale. Aliyeachiliwa chini ya kifungu cha 215 baada ya ushahidi kusikizwa, hana hatia. Msomaji anayekutana na 'huru' katika visa vyote hivi ama atamwosha mshukiwa ambaye bado hajaoshwa, ama atamtilia shaka mtu aliyeoshwa na mahakama. 'Yuko nje kwa dhamana', 'ameondolewa mashtaka', 'amepatikana hana hatia': maneno yapo, ni uvivu tu wa kuandika vichwa.

Sasa tuje kwa 'bure', ambapo naona hasara kubwa zaidi. Neno hili lina nyuso kadhaa. Kitu cha bure hakilipiwi. Kazi bure ni kazi isiyo na faida. Ukimpiga mtoto bure umempiga bila sababu. Na mitaani leo, 'bure kabisa' ni tusi: mtu bure kabisa ni mtu asiyefaa kwa lolote. Hivyo serikali inapotangaza 'elimu ya bure', sikio la Mswahili linapokea ahadi na dhihaka kwa pamoja. Mwalimu hakosi kuisikia kejeli hiyo sokoni: ya bure, bure kweli!

Hata hivyo, kejeli naweza kuivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba neno lenyewe linadanganya kuhusu ni nini hasa kilichoahidiwa. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa ya kwanza manne. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliiondoa katika shule zote za msingi za umma, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Wote hao hawakusoma bila gharama. Hazina ilitenga Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, pesa za mlipa kodi, na huyo mlipa kodi ndiye huyo huyo mzazi.

Katiba, kifungu cha 53, ikaja kusema kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ambayo ni 'free' na ya lazima. Halafu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, ikatuonyesha upana wa hiyo 'free'. Shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Lakini tozo nyingine zinaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria shule kwa kushindwa kuzilipa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo neno 'bure' limeifunika. Mzazi anasema, 'Si tuliambiwa ni bure?' Mwalimu mkuu anajibu, 'Hakuna cha bure, mama.' Mtoto anarudishwa nyumbani kuleta pesa za dawati, na katika mabishano hayo hakuna aliyetaja kifungu kinachomlinda.

Jirani zetu wa Tanzania walilishughulikia neno hili mapema. Waraka wa elimu wa 2015, uliotangulia mpango ulioanza Januari 2016, ulisema elimumsingi 'bila malipo', si 'bure', na sasa wengi husema 'bila ada'. Ada yao ndiyo karo yetu. Kwa Kenya ningependekeza 'elimu isiyotozwa karo', kwa sababu ndicho kitu ambacho sheria imekitaja. Aliyeambiwa 'bure' hubaki kunung'unika tu. Lakini mzazi aliyeambiwa 'bila karo' ana maswali ya kumuuliza mwalimu mkuu: pesa hizi za dawati ni karo, au ni tozo? Kama ni tozo, idhini ya Waziri iko wapi? Na kama idhini ipo, mbona mtoto wangu yuko nyumbani?