Sauti ya Kuazima

Usimuliaji wa filamu, yaani kazi ya mtu anayeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, akaeleza yanayotendeka na kuwasemea wahusika wote peke yake, ndio uliowafungulia sinema watazamaji wengi wa vibanda umiza, vile vyumba vya kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo, mijini na hata kwenye mialo ya Ziwa Viktoria wanakouzia wavuvi. Wapo wanaodai kwamba msimuliaji huiharibu kazi ya mwigizaji, lakini dai hilo halisimami ukizingatiwa mkasa wa Lee Van Cleef.

Mmarekani huyu, aliyezaliwa mwaka 1925, alianza katika filamu ya High Noon ya 1952 bila kutamka neno hata moja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi zilimkaukia hata akageukia uchoraji, mpaka mwongozaji Sergio Leone alipomchukua kwa ajili ya For a Few Dollars More ya 1965. Kwa kuwa sauti za filamu za Kiitaliano za makoboi zilirekodiwa studio baada ya picha kupigwa, Waitaliano walimpenda Van Cleef huku wakimsikia Emilio Cigoli, mwigizaji aliyemsemea kwa Kiitaliano. Uigizaji wake haukupungua kitu, maana ulikaa usoni na mikononi: katika pambano la makaburini la The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, dakika zinapita hakuna anayesema, macho yake membamba yanahama kutoka kwa adui mmoja kwenda kwa mwingine, na mkono wa kulia, ambao kidole chake cha kati kimekatika ncha, unaisogelea bastola polepole.

Kimya cha namna hiyo ndicho mtihani mkubwa wa msimuliaji. Ngumi zinaporushwa, kasi ya ulimi inatosha. Wakati wa kimya inambidi aamue kama atasema anachowaza adui, ataeleza kwa nini steringi, yaani mhusika mkuu, hajafyatua risasi, au atanyamaza na kuiachia picha. Cigoli alikuwa na maneno yaliyoandikwa na mhusika mmoja wa kumsemea. Msimuliaji ana wazee, wanawake, watoto na majambazi, wote katika koo moja, na sauti ya asili bado inasikika kwa mbali nyuma yake. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliifikisha kazi hiyo mbali katika kanda za video zilizosambazwa kutoka Dar es Salaam, kama wanavyofanya DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo, kwa Kiganda, nchini Uganda. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliyaita makala yake juu ya sanaa hii kugeuza wali kuwa pilau, na jina hilo ni la haki, kwa sababu viungo ni vya mpishi, na Lufufu anastahili kusomwa kama msanii kamili, si mkalimani aliyeketi pembeni mwa kazi ya wengine.