Maneno Madogo Yaliyomponza Fundi

Wako wasemao kwamba Kiingereza ni kigumu kwa sababu ya maneno yake marefu. Sisi hatukubali. Yanayotuaibisha ni yale madogo yapangayo mambo: lipi litangulie, lipi lifuate, na kwa sharti gani.

Hapa kwetu Magomeni fundi cherehani mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu, alipokea kwa mgeni vitenge vilivyonunuliwa Kariakoo. Akamwandikia: "The clothes will be ready until Friday." Moyoni alitaka kusema kwamba mpaka Ijumaa nguo zitakuwa tayari. Mgeni akafahamu kwamba ziko tayari, ila Ijumaa ikipita hazipatikani tena. Akaja Jumatano, akakuta vitenge havijakatwa, akavichukua akaenda zake.

Kosa ni nini? Kwetu "mpaka" latosha mahali pote pawili. Mwingereza hutenga: jambo litakalokamilika kabla siku haijapita hulisemea "by"; hali iendeleayo hadi siku hiyo kisha ikakoma huisemea "until". Fundi angaliandika "by Friday", asingalimpoteza mteja.

Na "before" je? Sisi twasema "ondoka kabla hajaja", maana kuja kwake bado. Mwanafunzi huandika "before he has not come". Lakini "before" lenyewe limekwisha kubeba ile "bado"; kukanusha tena ni mzigo juu ya mzigo. Yatosha "before he comes". Vivyo hivyo "akija" yetu yafaa kwa hakika na kwa shaka. Mwingereza hutaka uchague: "when he comes" yamngojea mtu ajaye, "if he comes" haina hakika naye.

Bibi Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliwaeleza Waingereza kazi ya -ki-, -nge- na -sipo- ndani ya sentensi zetu. Nasi walimu twawapa watoto nini? Orodha: "until", mpaka, "before", kabla, "if", kama. Orodha hiyo si uongo, lakini ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomponza fundi wetu. Lawama ni yetu, si yake.

Basi yatupasa kufundisha sentensi nzima, na kumwuliza mtoto kwanza: jambo hili litakwisha, au litaendelea? Ni hakika, au ni shaka? Akiisha kujibu hayo kwa Kiswahili chake, hatakosa neno la Kiingereza.